Baridi Inayojua Mpaka

Baba yangu alikuwa na methali aliyotembea nayo kama bakora: kikulacho ki nguoni mwako. Aliisema siku alipomsimamisha ndugu yake mbele ya kanisa zima, na kwa kweli hakukosea, ila alipapasa nguo isiyokuwa yake. Kilichomla alikuwa amekipanda mwenyewe, kwa jembe lake, na kukimwagilia maji kiangazi chote.

Shamba letu liko juu ya Kibugu, karibu na msitu, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Lilikuwa la babu. Wapimaji walipokuja baada ya uhuru kugawa ardhi na kutoa hati, babu alilikata vipande viwili: cha juu akampa baba, cha chini akampa baba mdogo. Wote wawili wakapanda chai, na kwa miaka kadhaa michai ilishuka bila kukatika kutoka mlangoni mwetu hadi majini. Mgeni asingejua ni wapi kaka anaishia na mdogo wake anaanzia.

Mimi ni binti wa kwanza wa baba, na kwa desturi ya kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo baba aliniita "mama." Baba mdogo naye aliniita "mama," kwa kuwa marehemu nyanya alikuwa mama yao wote wawili. Nilikuwa bado sijaota meno ya ukubwani na tayari nilikuwa na wana wawili wenye ndevu. Walinitania kwa hilo, mmoja akinituma maji na mwingine akimkemea: "Unamtuma mama yetu, huna adabu?" Nilipenda sana utani huo. Ulipokoma niliusikia kama njaa.

Ugomvi ulianza kwa mbuzi. Mbuzi wa baba mdogo walipanda mteremko wakala viazi vitamu vya mama yangu, majani hadi mashina, na baba mdogo badala ya kuomba radhi akacheka. Baba hakuwa mtu wa kuchekewa. Alikwenda akatafuta miche ya kaiyaba, ule mti wa miiba mirefu ambao watu huku hupanda kuzungushia boma, akaipanda mistari miwili iliyobanana, mpakani kabisa, kutoka ukingo mmoja wa shamba hadi mwingine. Nilibeba maji ya kuimwagilia. Baada ya miaka michache ua ule ulifunga hata kuku hapiti. Mama yangu na mke wa baba mdogo, waliozoea kuombana makaa ya moto asubuhi, sasa ilibidi wazunguke barabarani, na makaa yakazima njiani. Wakaacha.

Sasa nifike kwenye ile Jumapili. Ilikuwa Januari, kipindi ambacho kwetu mchana jua linachoma na usiku mbingu ni tupu, nyota zote nje. Hakuna aliyeshuka shambani asubuhi, kwa maana ilikuwa siku ya Bwana. Tulitoka kanisani, tukala, na adhuhuri mama akashuka kutafuta kuni. Tulisikia akiita.

Michai ya juu ilikuwa mizima. Ya katikati ilikuwa na majani yaliyobabuka kingo. Lakini kadiri ulivyokaribia ua, ndivyo ilivyozidi kuwa myeusi, na ile mistari ya mwisho iliyogusa kaiyaba ilikuwa imenyauka yote, majani yamening'inia kama mboga iliyochemshwa ikasahauliwa jikoni. Halafu ukichungulia ng'ambo ya miiba, michai ya baba mdogo ilikuwa ya kijani, inameremeta.

"Imechomwa," baba alisema.

Kwa lugha ya nyumbani kwetu kitenzi ni kimoja. Moto huchoma, dawa ya magugu huchoma, baridi huchoma, na ukishasema kitu kimechomwa, swali linalofuata ni nani. Wiki ile baba mdogo alikuwa ameonekana na pampu ya mgongoni akinyunyizia dawa nyasi za sangari zilizovamia njia yake. Jirani mmoja alisema huenda ni baridi, kwamba kule juu zaidi, kwenye bonde la majimaji karibu na msitu, huwa inachoma hata viazi. Baba alimtazama kama mtoto.

"Baridi gani hiyo inajua mpaka?" akauliza. "Imeshuka kwangu yote, imefika kwa ua ikasoma hati ya shamba, ikarudi?"

Watu walicheka. Hata mimi niliona ana haki. Ilikuwa hoja nzuri sana, na ndiyo iliyotumaliza.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, alisimama akaeleza, akaitoa methali yake, akamwonyesha ndugu yake kwa kidole. Baba mdogo alisimama pale alipokuwa, kofia mkononi. Hakuwa anacheka tena. Mzee mwingine akaleta Biblia, akamwambia aishike aape kwamba hakuchoma chai ya ndugu yake, mambo yaishe.

Baba mdogo akasema hapana. "Hiki kitabu mnanipa niapie, ndani yake kumeandikwa tusiape kabisa. Ndiyo yangu ni ndiyo na hapana yangu ni hapana. Sikuchoma."

Sijui ni mkutano gani wa Wakristo ungemhukumu mtu kwa kulitii Neno, lakini wetu ulimhukumu. Wengi wa wale wazee walikuwa wamekulia kwenye viapo vya kale, ambapo mtu akikataa kuapa huwa amekiri. Walikuwa wamebadilisha kitabu, hawakubadilisha sikio. Wakamfungia meza ya Bwana, asipewe tena mkate wala kikombe. Kuanzia siku ile watoto wa shule waliwaita wanawe "watoto wa dawa," na kwenye kituo cha kuuzia chai watu waliacha nafasi kati ya kikapu chake na vyao.

Hakufika hata mvua za Machi. Aliwakodishia watu chai yake, akachukua mke, watoto na wale mbuzi, akahamia Ishiara, chini kabisa kwenye joto la Mbeere, akaanza kulima ndengu na mawele. Hakutuaga. Nilisimama barabarani nikaona mizigo ikipita na hakuna aliyeniita mama.

Baba naye alikuwa aking'oa michai. Alisema sumu imeshuka kwenye mizizi na itaenea. Mama alikwaruza gome la shina moja kwa ukucha, akamwonyesha kijani kibichi chini yake. "Hii haijafa," akasema. "Itakufa," baba akajibu, akaendelea kung'oa. Aling'oa mistari miwili mizima kabla mgongo haujamshinda. Ile aliyoiacha, mvua iliponyesha, ilichipua yote. Nyumba nzima ikajifunza kupita pale bila kuangalia.

Januari ikarudi. Safari hii ilikuwa siku ya kazi. Tulishuka alfajiri na vikapu, baba mbele, mimi nyuma yake, kabla jua halijapanda juu ya kilima. Nilihisi nyasi zikivunjika chini ya miguu yangu, kisha maumivu kama ya kukanyaga miiba. Chini yetu shamba lilikuwa jeupe. Si jeupe lote. Weupe ulikuwa mwembamba katikati ya mteremko, ukazidi kushuka, na ulipofika kwenye kaiyaba ulikuwa umejaa kama maziwa kwenye kata. Majani ya chai yalikuwa bado ya kijani, kijani kizito chenye kung'aa, na ukiligusa jani lilikuwa gumu kama kioo. Ng'ambo ya ua nyasi zilikuwa na umande tu.

Baba alichuchumaa. Alichuma jani moja akaliweka mdomoni, akalitema. Aliutazama ua ule muda mrefu. Baba mdogo wakati huo alikuwa Ishiara, mwendo wa kutwa nzima kwa magari ya siku zile.

"Rudi nyumbani, mama," aliniambia. "Leo hatuchumi."

Jua lilipowaka vizuri, michai ile ile, mahali pale pale, ikawa myeusi. Majirani waliipita barabarani wakaiona. Hakuna aliyeuliza nani. Hiyo ndiyo sehemu inayonikasirisha hadi leo, kuliko hata ile Jumapili. Kanisa lililokuwa na midomo mingi mwaka uliotangulia lilikuwa bubu.

Nilikwenda shule, nikaenda chuo, nikawa mwalimu wa biolojia, na kazi ikanipeleka Meru mjini. Chuoni ndipo nilipofunguliwa ile hoja ya baba. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake kwenda juu, hewa iliyoigusa hupoa, nayo hutiririka mteremkoni kama maji yanavyotiririka, ikitafuta mto. Ikikuta njia wazi hupita. Ikikuta ua uliobanana, hutuama nyuma yake na kujaa. Baba alikuwa amejenga bwawa. Kwa miaka yote kabla ya kaiyaba baridi yetu ilipita kati ya michai, ikavuka kwa baba mdogo, ikaingia mtoni bila kumdhuru mtu.

Nilijifunza pia kinachotokea ndani ya jani, na hicho nimekirudia kila mwaka mbele ya wanafunzi. Ninaweka jani la sukuma wiki kwenye sehemu ya barafu ya friji ya walimu. Asubuhi ni gumu na zuri, la kijani kuliko wenzake. Naliweka mezani. Linapoyeyuka linalegea, linakuwa jeusi, linatoa maji, na watoto wanasema, "Mwalimu, limekufa likipata joto." Wako karibu na ukweli. Barafu haianzii ndani ya seli. Huanzia nje, kwenye nafasi zilizo katikati ya seli na seli, na ikishakuwa pale huvuta maji. Seli inakauka ikiwa imezungukwa na maji. Inasinyaa, na ule utando mwembamba unaoizunguka, ambao ndio mpaka wake na ulimwengu, unajikunja. Vipande vyake vinajimega na kupotelea ndani. Kisha jua linatoka, barafu inayeyuka, maji yanarudi mbio. Seli inataka kuwa kubwa kama jana, lakini utando hautoshi tena. Unapasuka. Yaliyokuwa ndani yanamwagika.

Kuna mimea inayoweza kuyastahimili hayo. Huko juu mlimani, kupita msitu, kuna mimea inayolala kwenye barafu kila usiku na kuamka kila asubuhi. Mingine hujifunika kwa majani yake makavu ya zamani, mingine hukunja majani machanga katikati hadi kuche. Na hata mimea ya kawaida hujifunza, mradi baridi ije polepole, usiku baada ya usiku. Hujaza sukari ndani ya seli ili maji yasivutwe yote. Hubadilisha mafuta ya ule utando yawe laini, yasigande. Mafuta ya ng'ombe huganda kikaangoni asubuhi ya Julai, ya alizeti hayagandi, na tofauti ni hiyo. Utando wa namna hiyo ukisinyaa haupotezi kitu, na maji yakirudi unayapokea. Chai yetu haikupata muda wa kujifunza. Ilikuwa na machipukizi mororo ya mbolea, mchana wa joto, kisha usiku mmoja.

Nilimweleza baba haya yote nikiwa mtu mzima, yeye mzee, tumekaa nje tukiota jua. Nilichora kwa kijiti mavumbini: mteremko, hewa, ua. Nilikuwa nimejiandaa kumliwaza.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Si tulikuwa na wewe? Ile asubuhi nilikurudisha nyumbani."

Nilinyanyuka. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, na hakunikatiza. Niliponyamaza alisema, "Ningesema nini, mama? Mtu alikuwa ameshahama. Na mimi nilikuwa mzee wa kanisa." Kisha, baada ya kuyasema hayo yasiyo na maana, alisema lenye maana. "Nenda wewe umwambie. Wewe ndiye mama yetu."

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi kapu nilikuwa nimelishika tangu utotoni. Nikaenda Ishiara.

Baba mdogo alikuwa amekauka, mweusi kwa jua, meno machache. Alinijua nilipokuwa bado mbali. "Mama amekuja," aliwaambia wajukuu, na watoto wakashangaa kumwona mama yake babu ana umri wa kuwa binti yake. Nililia pale pale mlangoni. Alinipa maji, akanipa uji wa mawele, akanisikiliza nikimweleza hewa, bwawa, seli na utando, nami nikijua jinsi nilivyokuwa mpumbavu, kumfundisha mtu kwamba hakufanya jambo ambalo alijua hakulifanya.

"Na yeye amejua hii maneno lini?" akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Sikusema. "Mwaka uliofuata."

Aliweka mikono magotini. "Kosa ningesamehe mwaka ule ule," alisema. "Mtu hukosea. Lakini aliona, akanyamaza, watoto wangu wakalelewa hapa kama wezi." Akajifuta uso kwa ukosi wa shati. "Mwambie akate ile kaiyaba. Na mwambie, pale aliangusha jina langu, hapo ndipo aliokote."

Baba alikata ua mwenyewe. Vijana walijitolea, akawakataza. Alikuwa akishuka na panga kila asubuhi, anakata shina moja, anapumzika, anakata lingine, mikono ikichanwa na miiba, na hakukubali mama ampake dawa. Ilimchukua msimu mzima. Januari ilipofika nilikuwa nimekuja nyumbani likizo, na usiku mmoja mbingu ikawa tupu kama zile za zamani. Alfajiri tulishuka pamoja. Palipokuwa na kaiyaba palikuwa wazi, unaona hadi mtoni. Nyasi zilikuwa na umande tu. Tulingoja jua. Likatoka, likapanda, na hakuna jani lililogeuka.

Nilidhani atafurahi. Baba alikaa chini kwenye mzizi wa kaiyaba akalia kwa sauti, kama mtu aliyeletewa msiba.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alikuja kanisani. Tulikuwa tumemtumia habari. Alivaa koti zito ambalo nadhani alikuwa hajalivaa tangu ahame, akaketi kiti cha mwisho nyuma. Kanisa lenyewe si lile. Lile la mbao lilibomolewa, hili ni la mawe, lina spika na kinanda, na mchungaji ni kijana ambaye wakati ule hakuwa amezaliwa. Wakati wa shuhuda baba alisaidiwa kusimama. Alisema yote. Alisema ua ni wake, baridi ilikuwa yake, alijua na akanyamaza, na kwamba ndugu yake alikataa kuapa kwa kuwa yeye peke yake siku ile ndiye aliyekuwa amekisoma kitabu. Sauti yake haikutetemeka. Nilijivunia kuwa binti yake.

"Bwana asifiwe!" mchungaji akasema.

"Amina!"

"Wacha tumpigie Yesu makofi kwa ushuhuda wa mzee wetu. Ametufundisha mambo ya msamaha na pia mambo ya kilimo."

Wakapiga makofi kwa moyo, na kinanda kikaingia. Msichana mbele yangu alimwuliza mwenzake, "Kwani ilikuwa stori gani?" Mwenzake akainua mabega. Niliangaza macho viti vyote nikitafuta mmoja wa wale wazee waliomfungia meza, mmoja wa wale waliocheka hoja ya baridi na mpaka. Wote walikuwa makaburini, isipokuwa bibi mmoja kiziwi aliyekuwa akipiga makofi kwa kuwa wengine wanapiga.

Nyumbani mama alikuwa ameandaa mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja, na nyama ya mbuzi. Baba mdogo alikula, akashukuru, akampa baba mkono, na baba akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Baba mdogo alisema anaogopa kuchelewa gari, na kwamba mwili wake hauwezi tena baridi ya huku kulala.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Tulipopita pale palipokuwa na ua alisimama, akavuta koti lake.

"Amesema vizuri, mama," aliniambia. "Hakuficha kitu. Lakini hawa sio wale."

Gari lilikuja, akapanda. Niliporudi baba alikuwa bado amekaa pale pale nje, sahani yake haijaguswa, akiangalia njia.

"Amesemaje?" aliniuliza.

Nilimwambia amesema chakula kilikuwa kitamu.